Wote Watano Kwenye Kona

Naapa kwa upara wangu, kwa kadi yangu ya pensheni, na kwa mikono hii iliyoshika usukani wa basi miaka thelathini na moja bila kukanyaga hata kuku: haya ninayosimulia ni kweli tupu. Sijaongeza neno. Mwenye shaka aje Wandegeya aulizie kwa Mzee Abudu. Ataonyeshwa mlango, ingawa wengine watacheka kwanza kabla ya kunyoosha kidole.

Mwaka ule wa 2004 nilikuwa mtunza vifaa wa Korongo, timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Mipira, chupa za maji, bandeji, fulana za mazoezi, vyote vilikuwa chini ya mamlaka yangu. Kwenye benchi nilikaa kiti cha pili kutoka kwa kocha, na tukishinda, mara nyingi ni kwa sababu nilikuwa nimemnong'oneza la kufanya.

Kocha mwenyewe aliitwa Emile. Mkongomani wa Bukavu, mrefu kama mlingoti, sauti ya chini, macho yasiyotulia. Alifika Kampala na filimbi moja shingoni na jozi moja ya raba. Alianza kwa kufundisha watoto wa kanisani bure. Akapanda, akawa msaidizi wa kocha kwa miaka mitatu, kazi yake kuandika nani kakosa nini. Kisha Korongo wakafungwa mechi kumi na moja mfululizo, na hakuna kocha mwingine aliyetaka kubeba aibu ile. Emile akaibeba. Msimu wa pili tukawa tunaitazama fainali.

Kila aliyejua kikapu alijua nguvu ya Emile ilikuwa katika mipango yake. Na kila aliyejua mapenzi alijua mipango ile ilizaliwa wapi: mezani kwa Marlène.

Marlène alikuwa na hoteli ndogo ya chakula cha Kikongo, nyuma ya vibanda wanavyochapishia wanafunzi karatasi zao. Meza nne, pazia moja la kutenga jiko, na yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na namna ya kukutazama ambayo ilikusahaulisha ulitaka kuagiza nini. Mara ya kwanza Emile alikuja kula. Mara ya pili alikuja kula bila njaa. Mara ya tatu alitoa mfukoni vizibo vitano vya soda, akavipanga juu ya meza, akaanza kumweleza jinsi msichana mmoja anavyomkinga mwenzake ili wa tatu apite.

"Na huyu wa rangi ya chungwa," Marlène aliuliza, "anafanya nini hapo pembeni peke yake?"

"Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Kuonekana," Emile akasema, na macho yake hayakuwa kwenye kizibo.

Tangu siku hiyo mipango ikapewa majina ya vyakula vya sufuria zake: sombe ni kisamvu, makayabu ni samaki wa chumvi. Nafuna, nahodha wetu, akipaza sauti "Sombe!" wasichana walikwenda huku, akisema "Makayabu!" walikwenda kule. Wapinzani walidhani timu nzima ina njaa.

Baba yake Marlène, Papa Bénit, fundi cherehani mwenye miwani mbili, moja usoni na moja utosini, hakuyapenda mambo hayo hata kidogo.

"Mwanaume wa miaka thelathini na nne anavaa kaptula na kupuliza filimbi," alisema. "Siku wakifungwa, anafukuzwa. Binti yangu atapika filimbi?"

"Papa, watu wanamheshimu," Marlène alijibu.

"Watu wanamheshimu Jumamosi akishinda. Mimi nataka mkwe wa Jumatatu."

Lakini maji ya moto hupoa, na mzee naye akapoa. Siku ikapangwa: Jumapili ya wiki inayofuata fainali, Emile alete watu wake na mahari.

Ndipo mambo yakaanza kunuka. Tulikutana na Radi, timu ya Kocha Okeny, mara mbili kwenye ligi, na mara zote mbili Radi walijua. Nafuna akisema "Makayabu!" yule msichana wao mrefu, Ayot, alikuwa amekwisha kusimama pale pale mpira unapokwenda, mikono juu, anatabasamu kama mtu aliyealikwa. Tulifungwa kwa pointi kumi na nane, halafu ishirini na moja.

Emile akageuka mtu mwingine. Ubao wake wa mipango akaufunika shuka. Saa ya mazoezi akaibadilisha kila siku, mpaka siku moja hata yeye akafika tumekwisha kuondoka. Akatutazama mikono, akatutazama midomo. Msichana akikohoa, anageuka kuona ni ishara ya nani.

"Mzee," aliniambia, "kuna mtu ananiuza."

"Ee Mungu wangu," nikasema. "Watu hawana haya."

Na shuku ni mdudu anayependa kulala karibu na mwenye nyumba. Okeny, kocha wa Radi, alikuwa akila kwa Marlène kila Jumatano. Emile akaanza kufika Jumatano, akakaa meza ya mwisho, akawa anatazama sahani ya Okeny kuliko ya kwake.

Alhamisi kabla ya fainali, akatega. Mimi siku hiyo nilikuwa Mulago, nimekwenda kumwona binamu yangu aliyelazwa, kwa hiyo haya niliyasikia baadaye. Marlène alikuwa anachambua mchicha, kanga imemteleza bega la kulia, na redio ilikuwa ikikwaruza bila kutoa wimbo. Emile akavipanga vizibo. Akamshika mkono.

"Nina mpango mpya," akamnong'oneza. "Huu utakuwa na jina la mboga uliyoshika. Lenga-lenga. Huyu mmoja anakimbilia kona ya kulia, mpira unamfuata, anarusha. Umeona?"

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Usimwambie mtu."

"Nitamwambia nani, sufuria?" akacheka, na akauacha mkono wake pale pale mkononi mwake.

Kumbe mpango ule haukuwapo. Emile hakuwafundisha wasichana hata hatua moja. Nafuna peke yake aliambiwa, dakika kumi kabla ya mechi: "Nikikupa ishara, piga kelele 'Lenga-lenga,' halafu usifanye kitu. Tazama tu Radi wanakwenda wapi."

Jumamosi, uwanja wa Lugogo ukajaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Sekunde arobaini zimebaki, tuko nyuma pointi moja. Emile akainua kidole. Nafuna akapaza: "Lenga-lenga!"

Wallahi, Radi wote watano wakakimbilia kona ya kulia kama kuku waliomwagiwa mahindi. Wote! Ayot akamkanyaga mwenzake. Nafuna akabaki peke yake chini ya kikapu, mpira mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akakumbuka kazi yake, akauweka ndani. Tukashinda kwa pointi moja.

Niliruka, nikamkumbatia mwamuzi. Wasichana walilia. Viongozi wa klabu walishuka wakisema habari za mkataba wa miaka miwili. Na Emile? Emile alisimama mikono kifuani, anaitazama ile kona tupu. Kocha bingwa, na uso wa mtu aliyeletewa barua ya msiba.

Saa kumi na moja jioni alikuwa mlangoni kwa Marlène, mimi nyuma yake na mfuko wa mipira. Marlène alitoka mbio, unga shavuni, mwiko mkononi.

"Bingwa wangu! Nimesikia kelele mpaka huku! Kaa, kaa, nimekuwekea…"

Hakukaa. "Alhamisi nilikwambia nini?"

"Uliniambia mengi. Uliniambia nimependeza."

"Habari ya Lenga-lenga."

"Mpango mpya. Kwani umefanya kazi?"

"Haupo, Marlène. Niliutunga hapa, mbele yako, na habari ya kona sikumwambia mtu mwingine. Na leo Radi waliujua."

Mwiko ukashuka taratibu. Mimi macho yangu yakapata kazi ya kusoma bei ya chai ukutani.

"Unaniuliza," Marlène akasema, "ama umekwisha kunihukumu?"

"Okeny anakula hapa kila Jumatano."

"Na padri anakula hapa kila Ijumaa. Na yeye nimempa mipango?"

"Okeny anapata vipande vitatu vya samaki. Mimi viwili."

"Umehesabu samaki?" Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Emile. Mkono mmoja umeshika wangu, na mwingine unahesabu samaki?"

"Nijibu."

"Okeny analipia vitatu! Wewe hujalipa hata mwiba tangu mwezi wa tatu!"

Wateja wawili wakaacha kutafuna. Nilimwona Emile akitaka kunyoosha mkono, kisha akaukataza.

"Nani mwingine alikuwa hapa siku ile?" akauliza.

"Wewe, mimi na…" Marlène akakunja uso, kama mtu anayetafuta jina. "Nilidhani sisi tu."

"Basi."

"Basi nini? Sema."

Emile akamtazama tu, na nawaambieni, mimi nimeona magari yakigongana barabara ya Jinja, lakini sijaona kitu kikivunjika kimya namna ile.

"Nikuulize na mimi moja," Marlène akasema. "Siku ile uliponishika mkono. Ulikuwa unanipa siri, ama ulikuwa unanitegea?"

Emile akainamisha kichwa.

"Ulikuwa unanitegea. Mimi nilikaa siku mbili nafurahi kwamba umenipa kitu ambacho hujampa mtu. Kumbe umenipa kipande cha nyama cha kutegea panya." Akafunika sufuria, mfuniko ukalia. "Jumapili usilete watu wako."

Papa Bénit aliposikia, nilidhani atapiga makofi. Hakupiga. Binti yake alikuwa hali chakula, na akipika alikuwa hatii chumvi, na baba alikula kile chapwa hivyo hivyo. Emile naye alikuwa na mkataba mezani unangoja sahihi, na hakwenda kuutia. Jumatatu nilimkuta amekaa kwenye ngazi za uwanja, filimbi mkononi.

"Mzee, wewe umeoa. Mtu anajuaje?"

"Anajuaje nini?"

"Kwamba anadanganywa."

"Rahisi," nikamwambia. "Anayedanganya hulisugua jicho lake la kushoto." Nikashusha mkono wangu upesi, kulikuwa na vumbi.

"Nimewaza, Mzee. Labda nirudi Bukavu. Nitashinda vikombe hapa kwa ajili ya nani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikamwambia mipira inahitaji upepo, nikaondoka.

Jumatano, saa saba mchana, nilikuwa kwa Marlène, meza ya pembeni. Okeny akaingia, mtu mnene, mcheshi, Mwacholi anayesalimia hata viti. Marlène akamletea samaki wake, vipande vitatu. Kisha, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akavuta kiti akakaa mbele yake. Mlangoni nikamwona Nafuna akiingia, na nyuma yake Emile, aliyekuwa ameitwa na hakujua kwa nini. Nikainua gazeti.

"Kocha Okeny," Marlène akasema, "sikuulizi nani alikwambia habari ya Lenga-lenga. Mambo yenu ya makocha ni yenu. Nauliza kitu kimoja tu. Ulisikia wasichana wangapi watakimbilia kona?"

Okeny akacheka, samaki mkononi. "Wote watano, dada! Hata mimi nilishangaa. Nikauliza, wote wakiwa kona, nani anatoa pasi? Lakini mtu wangu aliapa. Akasema watano, na ikibidi wa sita anainuka kutoka benchi."

Marlène akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Emile tangu Jumamosi, na Emile alisimama wima kama anayeitwa jina shuleni.

"Wewe uliniambia wangapi?"

"Mmoja," Emile akasema polepole. "Kizibo kimoja."

"Mimi nilisikia mmoja. Kama ningeuza, ningeuza mmoja. Sasa nitajie mtu, katika Kampala hii nzima, ambaye akisikia mmoja anasema watano."

Nafuna ndiye aliyeanza. Kwanza alifunika mdomo, kisha kicheko kikamtoka puani. "Banange! Mzee Abudu! Yule aliyeendesha basi kutoka Juba bila breki, na abiria mia tatu!"

"Mia mbili na themanini," nikasema nyuma ya gazeti.

Na hapo nikawa nimekwisha.

Marlène akaja akalishusha gazeti kwa kidole kimoja. "Alhamisi ulikuwa wapi, Papa Abudu?"

"Mulago. Binamu yangu…"

"Ulikuwa nyuma ya pazia, karibu na jiko. Ulikula sahani mbili, ukaomba pilipili. Nimekumbuka jana nilipoona chupa ya pilipili iko tupu."

Haya, msomaji. Sikwenda Mulago. Binamu yangu ni mzima, yuko Bombo, anauza mkaa.

Emile akasogea. Sijawahi kumwogopa mtu mrefu, lakini siku hiyo dari ilikuwa imeshuka. "Mzee. Sombe na Makayabu pia?"

"Pia."

"Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Ni kweli," Okeny akadakia, hana furaha tena. "Tulikuwa tunakunywa chai tu. Mimi nilimsikiliza, basi."

Na hiyo ndiyo kweli yenyewe, isiyo na nguo. Alinisikiliza. Tangu niliposhuka kwenye basi mara ya mwisho, kila mtu akiniona naanza kusimulia hutafuta viatu vyake. Wanangu wako mbali, wa karibu wana haraka. Okeny aliweka kikombe chini, akasema, "Halafu?" Mtu akikuambia "halafu" mara tatu, utampa hata funguo za nyumba yako. Nilimpa Sombe. Nilimpa Makayabu. Na Lenga-lenga ilipokuja, niliiona nyembamba mno, msichana mmoja tu anakimbilia kona, hadithi gani hiyo? Nikainenepesha.

"Nisamehe, kocha," nikasema. "Nilikuona unavyokonda, nikanyamaza."

Emile alikuwa amekwisha kugeuka kwa Marlène, na sura yake ilikuwa mbaya kuliko yangu.

"Yeye ana mdomo wa kusingizia," Marlène akamwambia. "Wewe una nini?"

"Sina kitu. Nilitazama mikono ya kila mtu mpaka nikasahau ni mkono upi unanilisha." Akaishika filimbi yake. "Nilikukosea. Kabla ya Jumamosi. Nilikukosea siku ile ile ya vizibo."

"Ndiyo. Siku ile ile."

"Sikupaswa kukutegea."

"Siku nyingine ukinishuku, uniulize."

"Nitakuuliza."

"Na nitakasirika sana."

"Kasirika."

Marlène akamtazama. Alikuwa na njaa ya kumtazama, ilionekana. Macho yake yalipita usoni, shingoni, kwenye filimbi, yakarudi. Kisha akamsogezea kiti kwa mguu. Hakusema kaa. Emile akakaa.

"Kwa baba sasa," Marlène akasema. "Nilimwambia Jumapili imekufa. Kwetu haifufuki bure. Uchumba ukivunjwa na mdomo wa mtu, mtu huyo analipa amande, faini ya kwetu. Mbuzi, kreti moja ya soda, na anasimama mbele ya familia anasema alichofanya kwa mdomo ule ule." Akanigeukia. "Bila kuongeza."

"Mbuzi nitampata," nikasema. "Hilo la mwisho ndilo zito."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimelisema mwisho."

Jumapili sebule ya Papa Bénit ilijaa mashangazi wenye vitenge vya sare. Watu wa Emile walikaa ukutani na mahari yao imefunikwa kitambaa, wamekatazwa kusema neno mpaka mimi nimalize. Nikasimama katikati, mbuzi mkononi kwa kamba, fulana ya Korongo mwilini bila haki, maana Emile alikuwa amenitoa kwenye benchi kwa msimu mzima ujao.

Nikasema: "Nilisikia mmoja, nikasema watano. Binti yenu hakusema kitu. Kocha alimshuku kwa sababu yangu. Nilijua, nikanyamaza."

Ilikuwa hadithi fupi kuliko zote nilizopata kusimulia. Mashangazi walingoja iendelee. Hakuna aliyesema "halafu."

Papa Bénit akashusha miwani ya utosini juu ya miwani ya usoni, akamwinamia mbuzi. "Huyu ana umri gani?"

Mdomo ulikuwa umekwisha kujifungua wenyewe. Nilikuwa nimejiandaa: miezi minane, wa ukoo wa mbuzi waliokataa kuliwa na chui mara mbili huko Karamoja. Kutoka mlango wa jikoni Marlène akanitazama. Ukutani, kati ya watu wake, Emile alikuwa amekunja vidole.

"Miaka sita," nikasema. "Na mguu wa nyuma anachechemea. Nilimchagua kwa sababu hiyo, alikuwa rahisi."

Papa Bénit akamwongoza mbuzi hatua tatu, akaona mwenyewe, akanirudishia kamba.

"Hayo mengine nimeyapokea," akasema. "Binti yangu ni msafi, na kijana yule nitamsikiliza. Lakini mbuzi wa amande hachechemei. Nenda kalete mzima. Hakuna atakayefungua mdomo hapa mpaka urudi, hata yule bwana harusi."

Nikamwangalia Emile. Alikuwa mbali na Marlène kwa chumba kizima, na wote wawili walikuwa wananitazama mimi, kwa macho ya kusihi, kama mimi ndiye daraja. Nikatia mkono mfukoni ilipo pensheni yangu yote ya mwezi, nikavua viatu ili nikimbie vizuri, nikatoka na mbuzi wangu kilema kwenda kutafuta wa pili.